Mgonjwa Mbele ya Hakimu

Mwaka 1750 mahakama ya Old Bailey, mjini London, ilikaa kuwahukumu wafungwa walioletwa kutoka gereza la Newgate, jirani yake. Chumba kilikuwa kidogo na watu walikuwa wengi. Washitakiwa walisimama kizimbani na nguo zile zile walizolalia majuma mengi, na kabla ya siku nyingi kupita Meya wa London, majaji wawili, na wengine wengi miongoni mwa mawakili, wazee wa baraza na watazamaji walikuwa wamekwisha kuzikwa. Ugonjwa uliowaua uliitwa homa ya magereza. Haukuwa ugonjwa mgeni. Wafungwa walikufa kwa homa hiyo miaka nenda miaka rudi, wala hakuna aliyepiga mbiu. Mbiu ilipigwa siku ile homa ilipovuka kizimba ikampata jaji.

Watu wa zama zile waliamini kwamba homa yaletwa na uvundo. Kwa hiyo mwaka 1752 juu ya gereza la Newgate uliwekwa mtambo wa upepo, uliobuniwa na kasisi mwanachuoni Stephen Hales, wa kuvuta hewa mbaya itoke nje. Na desturi ya kuweka majani yenye kunukia mbele ya majaji ikashika mizizi. Mpaka 1909 ndipo tabibu Mfaransa Charles Nicolle, aliyekuwa akifanya kazi Tunis, alipothibitisha kwamba homa hiyo huenezwa na chawa wa mwilini. Basi jaji wa zamani alikuwa akinusa majani yake mazuri, na huku chawa wanamwendea kwa miguu yao sita.

Nimekitanguliza kisa hiki kwa kuwa chaonyesha jinsi kazi ya kumhudumia mgonjwa aliye mikononi mwa sheria ilivyoanza: haikuanza kwa huruma, ilianza kwa hofu. Sheria ya jinai ya Kiingereza, ambayo ndiyo mama wa sheria za jinai zitumikazo Kenya, Uganda na Tanzania, ilijifunza kwanza kujikinga na mgonjwa. Halafu ikajifunza kumsamehe. Ikamsamehe na kumfungia kwa wakati mmoja. Na mwisho kabisa ikajifunza kumweka mtu wa kukaa naye. Sisi wa Afrika Mashariki tulirithi yale ya kwanza yote. Lile la mwisho, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kubwa kuliko mengine, lilibaki nyuma. Historia ya kubaki huko ndiyo maudhui ya insha hii.

John Howard alizaliwa mwaka 1726. Alikuwa mtu wa mali ya kutosha, mshika dini, mpenda utaratibu kupita kiasi. Alipokuwa kijana meli aliyopanda kwenda Lisbon ilitekwa na Wafaransa, akafungwa katika bandari ya Brest, akaonja kulala juu ya majani makavu na kutupiwa nyama kama mbwa. Mwaka 1773 aliteuliwa kuwa Sherifu Mkuu wa jimbo la Bedfordshire. Cheo hicho kilikuwa cha fahari. Waliokishika waliliacha gereza kwa wadogo zao, wakala karamu na majaji. Howard alikwenda gerezani mwenyewe, na aliloliona huko ndilo lililomwondoa nyumbani kwake kwa maisha yake yote yaliyosalia.

Aliona watu ambao mahakama imekwisha kuwaachilia, wanarudishwa gerezani. Sababu ilikuwa ndogo hata ya kuchekesha. Mkuu wa gereza hakuwa na mshahara. Riziki yake ilikuwa ada waliyomlipa wafungwa, kuingia kwao na kutoka kwao. Asiyekuwa na ada, hata akiwa safi mbele ya sheria, hakutoka. Howard akawaomba mahakimu wa jimbo wampe mkuu wa gereza mshahara. Mahakimu hawakukataa, walimwuliza tu kama kuna jimbo jingine lifanyalo hivyo, wapate mfano wa kuufuata. Yeyote aliyewahi kupeleka ombi ofisini ataitambua sauti hiyo. Howard akapanda farasi kwenda kuutafuta mfano katika majimbo ya jirani. Hakuupata, lakini alipata mengine: vyumba vya chini ya ardhi visivyo na dirisha, maji ya kunywa ya kupimiwa, wagonjwa wa homa wamelala kwa zamu na wazima. Uvundo ulikuwa mwingi hata akaacha kusafiri ndani ya gari la farasi, kwani nguo zake zilinuka asiweze kustahimili. Daftari lake ilimpasa kulianika mbele ya moto kabla hajaweza kulisoma.

Mwaka 1774 alitoa ushahidi mbele ya Bunge, na mwaka huo huo zikapitishwa sheria mbili. Ya kwanza iliondoa ada kwa mtu aliyeachiliwa. Ya pili iliamuru kuta za magereza zipakwe chokaa walau mara moja kwa mwaka, vyumba viingizwe hewa, pawe na vyumba mbali vya wagonjwa, pawe na bafu, na kila gereza liwe na mganga. Howard alizichapisha sheria hizo kwa fedha yake akazipeleka katika magereza nchini kote, maana alijua kwamba sheria isiyofika mlangoni ni karatasi tu. Miaka iliyofuata alirudi kutazama, akaona mahali pengi chokaa haijapakwa. Kitabu chake juu ya hali ya magereza kilitoka mwaka 1777, na ndani yake hakuna maneno matamu: ni hesabu ya wafungwa, upana wa vyumba, uzito wa mkate, jina la mganga kama yupo. Alikufa tarehe 20 Januari 1790 huko Kherson, katika nchi iitwayo leo Ukraine, kwa homa aliyoipata baada ya kwenda kumtazama mwanamke mgonjwa.

Howard aliutazama mwili kwa jicho kali. Juu ya maradhi ya akili alisema machache, ingawa aliona na kuandika kwamba katika baadhi ya magereza wendawazimu walichanganywa na wengine wakawa kichekesho cha wageni. Yawezekana jambo hilo lilikuwa karibu naye mno: mwanawe wa pekee alirukwa na akili wakati baba akiwa safarini kukagua magereza ya watu wengine.

Msamaha wa sheria kwa mwenye maradhi ya akili una kisa chake. Tarehe 15 Mei 1800, katika jumba la michezo la Drury Lane, James Hadfield alimpigia bastola Mfalme George wa Tatu, akamkosa. Hadfield alikuwa askari. Mwaka 1794, katika vita na Wafaransa, alikatwa panga kichwani, na tangu hapo aliamini kwamba akiuawa na serikali ulimwengu utaokoka. Kujiua hakutaka, akiona ni dhambi. Akatafuta kosa ambalo malipo yake ni kifo. Wakili wake, Thomas Erskine, aliwaonyesha wazee wa baraza majeraha ya kichwa chake, na jaji akaisimamisha kesi. Mshitakiwa hana hatia, kwa kuwa hana akili timamu.

Hapo serikali ikashtuka, kwa maana mtu asiye na hatia huenda nyumbani. Bunge lilifanya haraka isiyo ya kawaida yake, na kabla mwaka haujaisha lilikuwa limepitisha sheria kwamba mtu wa namna hiyo awekwe chini ya ulinzi mkali mpaka ijulikane ridhaa ya Mfalme. Mpaka lini? Sheria haikusema. Hadfield aliyeachiliwa mwaka 1800 alikaa chini ya ulinzi hadi akafa ndani ya hospitali ya Bedlam mwaka 1841. Miaka miwili baada ya kifo chake, Daniel M'Naghten, aliyedhani kwamba chama cha siasa kinamwandama, alimpiga risasi katibu wa Waziri Mkuu, naye akaachiliwa kwa njia ile ile. Umma ulipiga kelele, na majaji wakatakiwa waieleze sheria waziwazi. Jibu lao la 1843 ndilo linalokaririwa na kila mwanafunzi wa sheria hata leo: haadhibiwi mtu ambaye kwa maradhi ya akili hakujua alitendalo, au hakujua kwamba ni kosa. Mwaka 1863 ikafunguliwa Broadmoor, hospitali yenye kuta ndefu kwa watu wa aina hiyo, na wagonjwa wa kwanza kuingizwa walikuwa wanawake.

Kanuni ya 1843 isingalimshangaza mtu wa pwani yetu. Waliosoma fiqhi Lamu, Mombasa na Unguja walijua tangu zamani kwamba asiye na akili hana taklifu, sawasawa na mtoto na aliyelala usingizi. Lakini tofauti iko mahali pamoja, nayo yastahili kuangaliwa. Fiqhi, ikisha kumwondolea mtu taklifu, humtafutia walii. Sheria ya 1800 ilimtafutia ukuta.

Huyo walii, au tuseme mtu wa kusimama kando ya mnyonge, aliingia katika mahakama za Uingereza kwa mlango wa nyuma, na bei ya kuingia kwake ilikuwa shilingi tano. Mwaka 1876 mpiga chapa mmoja wa Hertfordshire, Frederic Rainer, aliviandikia viongozi wa chama cha kanisa kilichopinga ulevi akieleza masikitiko yake: mlevi hufikishwa mahakamani, hufungwa, hutoka, hunywa, hurudi, na hakuna amshikaye mkono katika mzunguko huo. Ndani ya barua alitia shilingi tano ili kazi ianze. Chama kikampeleka George Nelson, aliyekuwa zamani askari, kukaa katika mahakama za London. Hakuwa wakili wala tabibu. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na mshitakiwa, kujua alalako, kumtafutia kazi au nauli, na kumwahidisha aache pombe.

Mahubiri yake yawezekana hayakuwafaa wengi. Lakini lilitokea jambo ambalo Rainer hakulitazamia. Mahakimu walianza kumwuliza. Hakimu aliyekuwa na dakika tano za kuamua maisha ya mtu aligundua kwamba pana mtu chumbani amjuaye mshitakiwa kwa jina, ajuaye kama ana mtoto mgonjwa, kama amekula, kama maneno yake yana mpango. Hakimu akawa anaahirisha hukumu na kumkabidhi mshitakiwa kwa mtu huyo. Mwaka 1907 Bunge likaifanya kazi hiyo kuwa ya sheria, na wajibu wa mwangalizi ukaandikwa kuwa ni kumshauri mtu, kumsaidia na kumfanyia urafiki. Ni sheria chache duniani zinazoamuru urafiki, na mtu aweza kuzicheka. Lakini sioni neno lingefaa zaidi.

Hata hivyo mwangalizi huyo alikuja baada ya kosa kuthibitishwa. Mtu aliyeshikwa usiku, akaketi mbele ya askari peke yake na akili yake dhaifu, hakuwa na mtu. Hatari ya jambo hilo ilidhihirika mwaka 1972. Mwezi wa Aprili, katika nyumba iliyoungua huko Catford, kusini ya London, ilikutwa maiti ya Maxwell Confait, amenyongwa. Polisi waliwashika vijana watatu. Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 18, lakini akili yake ilikadiriwa kuwa ya mtoto wa miaka minane. Wenzake walikuwa na miaka 15 na 14. Waliulizwa maswali bila ya mzazi wala mtu mzima mwingine kando yao, na wote watatu wakakiri. Kukiri huko ndiko kulikowafunga. Lakini saa ya kifo, kwa ushahidi wa mwili wenyewe, ilikuwa saa ambayo yule mkubwa alionekana na watu mahali pengine. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ikazifuta hukumu, na mwaka 1980 serikali ikatamka Bungeni kwamba vijana hao hawakuwa na hatia hata kidogo. Walikuwa wamekwisha kuonja karibu miaka mitatu ya ujana wao nyuma ya kuta.

Mtu aliye mzima wa akili huona vigumu kuamini kwamba mtu atakiri kosa asilolitenda pasipo kupigwa. Mwenye akili nzito hukiri kwa sababu nyingine: amechoka, ataka kwenda kwao, amezoea tangu utoto kumwitikia kila mkubwa "ndiyo", na swali limeulizwa kwa namna ambayo "ndiyo" ndiyo iliyo mlangoni. Hilo lilichunguzwa na tume iliyotoa taarifa mwaka 1977, na sheria ya polisi ya 1984 ikafuata. Tangu sheria hiyo ilipoanza kutumika, mtoto au mtu mwenye udhaifu wa akili hapaswi kuhojiwa mpaka awepo kando yake mtu mzima asiye askari. Mtu huyo hakuwekwa awe sanamu. Ana wajibu wa kuona kama swali limeeleweka, na wa kusema likiwa halikueleweka.

Baadaye waganga nao walisogea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya matabibu wa akili wa London walianza kwenda mahakamani asubuhi badala ya kungoja mgonjwa apelekwe gerezani kisha aandikiwe barua. Mwaka 2009 Keith Bradley, aliyekuwa waziri zamani, alitoa taarifa yenye mapendekezo 82, na ilipofika 2020 kila sehemu ya Uingereza yenyewe, mbali na Wales na Scotland, ilikuwa na kundi la wauguzi na wasaidizi waliopangwa katika vituo vya polisi na mahakama.

Kazi yao, ukiitazama kwa karibu, haina fahari yoyote. Muuguzi afika kituoni asubuhi, asoma orodha ya walioletwa usiku, azungumza na mmoja mmoja. Haulizi kama amefanya kosa. Hilo si lake. Auliza: umelala? unakunywa dawa gani, na mara ya mwisho lini? nani yuko nyumbani? wasikia sauti? umepata kutaka kujidhuru? Kisha huandika karatasi fupi imfikie hakimu kabla mtu hajaitwa kizimbani. Jambo la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko karatasi, ni kwamba mtu akitoka msaidizi humsindikiza: kwenda naye kliniki siku ya kwanza, kusimama naye katika msululu wa kuomba nyumba. Walio katika kazi hiyo wana taabu zao pia. Kitanda cha hospitali chaweza kungojewa siku nyingi, na mgonjwa abaki ndani ya chumba cha polisi.

Sasa tutazame kwetu. Uingereza ilipotawala nchi hizi ilileta sheria zake kwa marikebu mbili: kwanza kwa njia ya India, halafu moja kwa moja. Mjini Nairobi palifunguliwa nyumba ya wendawazimu mwaka 1910, na mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Tanganyika ilikuwa na hospitali ya Mirembe, Dodoma, na karibu yake Isanga, mahali pa wagonjwa wa akili walioshitakiwa. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata sheria za adhabu zilizofanana, na ndani yake mna kanuni ile ya majaji wa 1843, imehamishwa karibu neno kwa neno. Ridhaa ya Mfalme nayo ilikuja, ikawa ridhaa ya Gavana, na Kenya ilipopata uhuru ikawa ridhaa ya Rais. Ilichukua mpaka karne hii kwa majaji wa Mahakama Kuu ya Kenya kuanza kutamka kwamba kumweka mtu ndani bila kikomo namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Kivuli cha Hadfield kilikuwa kimetembea mbali.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mtu aliyejaribu kujiua. Huyu ni mgonjwa kama yuko mgonjwa. Sheria ya Kiingereza ilimhesabu kuwa mhalifu, na hesabu hiyo ikatiwa katika sheria zetu. Uingereza iliifuta kwake mwaka 1961, wakati bendera yake ingali ikipepea Nairobi, Nairobi haikufutiwa. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kiliendelea kuwaleta watu hao kizimbani mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Miaka 64 ni umri wa mtu mzima.

Ndipo nisemapo kwamba sheria zilisafiri na msaidizi hakusafiri. Katika utaratibu wa mashauri ya jinai wa nchi hizi, ni mahakama yenyewe ikipata sababu ya kuamini kwamba mshitakiwa hana akili timamu ndiyo ifanyayo uchunguzi na kumpeleka kwa tabibu. Kanuni ni njema. Lakini jicho lake limewekwa kizimbani, nao mtu hufika kizimbani akiwa amekwisha kuhojiwa, ameandika maelezo, amelala mahabusu, na pengine amekiri. Hakimu mwenye mashauri mengi asubuhi hiyo amwona mtu mkimya, mchafu, asiyejibu. Aweza kudhani ni ugonjwa, aweza kudhani ni ujeuri.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 50, sehemu ya saba, imefungua mlango: mshitakiwa au mlalamikaji aweza kupewa mtu wa katikati wa kumsaidia kuelewana na mahakama. Kwa sisi tuifanyao lugha kuwa kazi, hapa pana swali. Mtu huyu tumwiteje? Mkalimani hageuzi ila lugha, na huyu atumia lugha ile ile ya mshitakiwa. Mpatanishi yuko kati ya wagomvi wawili. Mdhamini huweka mali yake. Wakili husema badala ya mtu, na huyu hasemi badala yake, humwezesha aseme mwenyewe. Wazee wetu walikuwa na neno "msindikizi", na watu wa pwani hulitumia kwa aendaye na bibi arusi na kwa aendaye na mgonjwa kwa mganga. Mimi ningelichagua hilo, ijapokuwa najua wanasheria watataka neno refu zaidi.

Ibara yenyewe haisemi kwamba mahakama itampa mshitakiwa mtu huyo. Yasema yaweza kuruhusu.